Lile Tundu Kwenye Kiti cha Ndege Halikutengenezewa Wewe

Swali: ukipanda ndege kubwa, zile zenye skrini nyuma ya kiti cha mbele yako, unaweza kutumia hedifoni zako mwenyewe?

Jibu fupi: ndiyo, kama zina waya, na kama pini yako inaingia. Jibu refu lina pamba, mirija ya plastiki, Ziwa Naivasha, ufunguo wa choo na Mjapani mmoja aliyeogopa kuonekana hana adabu. Leo nawapa refu. Kaeni kitako.

Najua kwa nini hili swali linaulizwa sana Nakuru siku hizi, na si watalii wanaouliza. Ni wasee wa Kaptembwo, Rhonda, Free Area na Njoro, watu ambao ndege yao ya kwanza maishani ni ile ya kwenda Doha, Dubai au Riyadh kutafuta kazi. Pasipoti mpya, begi la kuazima, familia nzima imesindikiza mpaka Nairobi. Unaketi, unafunga mkanda, unaona skrini, unaona katundu kadogo kwenye mkono wa kiti, halafu unaogopa kumuuliza jirani usije ukaonekana mshamba.

Si ushamba. Lile tundu lina visa vyake. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, lakini historia haijawahi kuniacha, na kuna kitu imenifundisha: ukitaka kujua wenye mali wanakuamini kiasi gani, usisikilize matangazo yao. Angalia tundu walilokuachia.

KWANZA ILIKUWA PAMBA

Miaka ya 1920 ndege za abiria zilikuwa na kelele ya kuua. Kitu cha kwanza ambacho kampuni za ndege zilimpa abiria kwa ajili ya masikio yake hakikuwa muziki. Ilikuwa pamba. Unaziba masikio, unavumilia, unafika.

Lakini watu wa biashara ni wale wale kila mahali, wakiona watu wamekaa tu bila la kufanya wanaona pesa. Mwaka wa 1921 kampuni moja ya Marekani, Aeromarine Airways, iliwaonyesha abiria filamu fupi wakizunguka juu ya Chicago. Mwaka wa 1925 Imperial Airways ya Uingereza ikaonyesha filamu ya The Lost World ndani ya ndege. Zilikuwa filamu bubu. Hakuna aliyehitaji hedifoni kwa sababu hakukuwa na cha kusikiliza isipokuwa injini.

Shikeni hilo jina la Imperial Airways, kwa sababu lilifika hapa kwetu. Ukiwa kwenye matatu ya Nakuru kwenda Nairobi, ukipita Naivasha angalia upande wa ziwa. Kuanzia 1937 mpaka 1950 ziwa hilo lilikuwa kiwanja cha ndege. Si kando yake, juu ya maji yenyewe. Ndege za tumbo kama la mashua zilizofanya safari ya kutoka Southampton, Uingereza, hadi Afrika Kusini zilikuwa zikitua pale, kwanza chini ya Imperial Airways na baadaye BOAC. Abiria wa Nairobi walishuka Naivasha na kumalizia safari kwa barabara. Safari nzima ilichukua siku kadhaa.

Burudani ndani ya zile ndege ilikuwa dirisha. Ndege za mwanzo za aina hiyo zilikuwa na sehemu maalumu ya kusimama na kuegemea chuma, uangalie Afrika ikipita chini. Waliosimama pale ni maafisa wa serikali ya kikoloni, walowezi na matajiri. Babu zetu waliokuwa chini waliipata ile safari kwa sikio tu: injini nne zikipita juu ya Bonde la Ufa, halafu kimya. Kwa hivyo ukikaa leo kwenye kiti chenye skrini, jua eneo lako halikuanza kufahamiana na ndege jana. Ni kiti ndicho kilichochelewa kukufikia.

PINI NI MZEE KULIKO NDEGE

Sasa tuje kwa pini yenyewe. Watu wengi wanadhani ilikuja na redio au kaseti. Hapana. Ilikuja na simu, miaka ya 1870, zaidi ya miaka ishirini kabla ya ndege ya kwanza kuruka.

Zamani hukupiga simu moja kwa moja. Ulimpata opereta aliyekaa mbele ya ubao uliojaa matundu, ukamwambia unamtaka nani. Anachukua waya wenye pini, anachomeka kwa tundu la huyo mtu, mnaongea. Pini hiyo ilikuwa na unene wa robo inchi, yaani milimita 6.35. Kama unataka kuiona, nenda kanisa lolote lenye bendi Jumapili uangalie waya wa gita. Ni ile ile. Karibu miaka 150 na bado inafanya kazi. Hebu niambieni chaja gani ya simu yenu imedumu hata kumi.

Hedifoni nazo zilipata mtu wao mwaka wa 1910. Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alikuwa akiziunda nyumbani kwake, jikoni, kisha akazituma kwa jeshi la wanamaji la Marekani. Jeshi likazijaribu, likaona ni moto, likaagiza nyingi. Baadaye, 1958, John Koss wa Milwaukee akatoa hedifoni za stereo za kusikilizia muziki. Redio ndogo za mkononi zikaleta ile pini nyembamba ya milimita 3.5, hii ambayo wengi wetu tumekua nayo.

Kitu kizuri kuhusu hiyo pini ni kwamba haikujali wewe ni nani. Hedifoni za bei ya soda kutoka kwa mchuuzi wa Kenyatta Avenue na zile za bei ya ng'ombe zina pini moja, zinaingia kwa tundu moja. Huko mtaani hiyo tunaita usawa.

Ndege zikaamua vingine.

MIRIJA, HALAFU UFUNGUO WA CHOO

Mwaka wa 1961 kampuni ya TWA ya Marekani ilianza kuonyesha filamu mara kwa mara kwenye ndege zake za masafa marefu. Sasa kulikuwa na sauti, na ikabidi sauti ifikie kila sikio bila kusumbua anayelala. Jibu lililoenea miaka ile ya 1960 litakuchekesha: mirija. Spika ndogo ilifichwa ndani ya mkono wa kiti. Ulipewa mrija wa plastiki ulio wazi ndani, kama kile kipimo cha daktari cha kusikilizia kifua. Unachomeka mwisho wake kwa tundu, sauti inapita kwenye hewa ya mrija mpaka sikioni. Hakuna waya, hakuna umeme, hakuna spika upande wako. Ni mrija tu.

Sauti yake? Kama mtu anaimba ndani ya tangi la maji. Kwa nini basi mirija ilidumu miaka na miaka, mingine hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000? Kwanza ilikuwa rahisi kutengeneza. Pili, na hapa ndipo penyewe, ilikuwa haiibiki. Yaani unaweza kuiba, lakini uende nayo wapi? Nyumbani hakuna redio yenye tundu la mrija. Utaweka kwa maziwa unywe?

Na tusisahau biashara. Kwenye safari nyingi abiria wa daraja la chini alilipishwa ili apewe huo mrija. Filamu unaiona bure, mbele yako, midomo inacheza. Kusikia ndiyo pesa.

Mwisho wa miaka ya 1970 zikaanza kuja hedifoni za umeme. Sasa kampuni zikaingiwa na wasiwasi: hizi mtu akitoka nazo, atazitumia kwake. Basi zikaja pini mbili. Badala ya pini moja yenye kubeba kushoto na kulia, ukapewa pini pacha, matundu mawili, moja kwa kila sikio. Kulikuwa na sababu ya kiufundi pia: upande mmoja ukivunjika, ule mwingine unaendelea. Lakini faida kubwa ilikuwa ile ile ya mrija. Hazikuingia kwenye redio yako. Na kwa upande wa pili, hedifoni zako hazikuingia sawasawa kwenye kiti chao.

Hii kitu tunaijua Nakuru vizuri sana. Kalamu ya wakala wa M-Pesa imefungwa kamba. Duka la mtaani lina wavu wa chuma, unanunua mkate kupitia kadirisha. Na ukiomba ufunguo wa choo kwenye hoteli, unapewa ukiwa umefungwa kwa kipande cha mbao kikubwa kama mwiko wa ugali wa harusi, ili usije ukautia mfukoni ukasahau. Hakuna anayekutukana. Mwenye hoteli anatabasamu kabisa. Lakini ule ubao unaongea.

Pini pacha ya ndege ni ule ubao wa choo, ila imetengenezwa na wahandisi.

ALIYEKASIRIKA AKIWA ANGANI

Mwaka wa 1978 Amar Bose, mhandisi Mmarekani ambaye baba yake alitoka Bengal, India, alikuwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Boston. Akapewa hedifoni mpya za umeme. Akazivaa kwa furaha. Hakusikia kitu cha maana, kelele ya injini imekula muziki wote. Abiria wa kawaida angelalamika. Bose alitoa karatasi akaanza kupiga hesabu pale pale kwenye kiti.

Wazo lake lilikuwa hivi. Sauti ni mawimbi. Ukiweka maikrofoni ndogo iisikilize ile kelele, kisha spika itoe wimbi la kinyume chake, moja linapanda wakati lingine linashuka, yanafutana. Kelele inapungua bila kuziba sikio kwa pamba. Ilichukua zaidi ya miaka kumi: hedifoni za marubani zilitoka 1989, na za abiria wa kawaida mwaka wa 2000.

Mnaona mzunguko? Tulianza na pamba ya kuzuia kelele, tukafika kwenye kompyuta ya kuzuia kelele. Na tangu hapo msafiri mwenye uwezo hakutaka tena kupewa hedifoni na ndege. Alikuja na zake. Tundu ikabidi limfuate.

MJAPANI MWENYE ADABU

Aliyemzoesha dunia nzima kutembea na hedifoni zake alikuwa Sony, kwa Walkman iliyotoka Japani Julai 1979. Waulize wazazi wenu. Ile kitu kiunoni, kaseti inazunguka, sifongo ya rangi ya chungwa masikioni.

Walkman ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni. Si pacha kama ya ndege. Mawili ya watu wawili. Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa Sony, aliijaribu nyumbani akaona mke wake hafurahii kufungiwa nje ya muziki. Akaona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake. Wakaweka tundu la pili, na kitufe chenye maikrofoni cha kupunguza muziki ili mlioko pamoja muongee bila kuvua.

Linganisheni. Matundu mawili ya ndege yaliwekwa kwa kuogopa kwamba utaiba. Matundu mawili ya Walkman yaliwekwa kwa kuogopa kwamba utamsahau jirani yako. Chuma ni kile kile. Wazo ni mbingu na ardhi.

Lakini watu walinunua Walkman wakakaa peke yao, na tundu la pili baadaye likaondoka. Ile adabu tuliikataa wenyewe, hakuna wa kulaumiwa.

NA MATATU JE?

Kuna mtu ameshasema moyoni, sisi tuna matatu, mambo ya matundu hayatuhusu. Sawa, tuongee.

Matatu ya kwenda Section 58 au Kiamunyi haikupi hedifoni, haikupi tundu, haikulipishi kusikia. Spika iko chini ya kiti, imekazwa kwa bolti, inakupiga mgongoni kama unadaiwa. Kwa kuwa muziki ni wa wote, hakuna cha kuiba. Mama mwenye kuku, mwanafunzi wa Egerton, karani wa kaunti, wote wanapata besi sawa. Nyimbo nyingi za wasanii wetu zilijulikana kwenye matatu kabla ya kujulikana kwingine.

Lakini tusijidanganye kwamba huo ni uhuru. Kanuni za kelele za NEMA za mwaka wa 2009 zinakataza muziki wa nguvu kwenye magari ya abiria, na sababu inaeleweka: mwenye mtoto mgonjwa hakuchagua ile besi. Ndege inakuamini kidogo lakini inakuachia uchague. Matatu inakushirikisha kila kitu lakini haikuulizi. Mimi nikiwa kwenye ile barabara ya Gilgil saa moja usiku, nimechoka, ninavaa zangu. Na sioni kama nimewasaliti wenzangu.

LEO MAMBO YAMEGEUKA KICHWA CHINI

Baada ya miaka yote hiyo, ndege nyingi zikakubali yaishe. Viti vya kisasa vingi vina tundu moja la milimita 3.5, lile la kila mtu. Hata sisi tulifika huko: Dreamliner ya kwanza ya Kenya Airways ilitua Nairobi Aprili 2014, ikiwa na skrini kwa kila kiti.

Miaka miwili baadaye, Septemba 2016, Apple ikatoa iPhone 7 bila tundu la hedifoni. Wengine wakacheka, kisha wakaiga. Leo nusu ya marafiki zangu hawana hedifoni yenye waya. Yaani wazazi wetu walikuwa na waya, tundu la ndege likawakataa. Tundu likabadilika likatukubali, sisi tukawa hatuna waya. Manze, hata ukitunga hadithi hivi mtu atasema umezidisha chumvi.

Na ile ya kuondoa tundu ni ule ubao wa choo tena, umepakwa rangi. Hedifoni ya waya fundi wa Gusii Road anaichomelea upya kwa hela ya chapati mbili. Isiyo na waya, betri ikifa, unanunua nyingine. Pini ya miaka 150 ilikuacha ujitegemee. Hii mpya inataka urudi dukani.

KWA ANAYESAFIRI WIKI IJAYO

Sasa kazi. Beba hedifoni yenye waya na pini ya duara ya milimita 3.5, hata ya bei ya chini. Ile yenye pini bapa ya chaja, USB-C, haitaingia kwenye tundu la duara. Kama una isiyo na waya, usihesabu kwamba kiti kitaungana nayo kwa Bluetooth. Baadhi ya ndege mpya zinaweza, nyingi bado. Kuna vifaa vidogo vya kuchomeka kwa tundu vinavyorusha sauti kwa Bluetooth, lakini waya ni rahisi zaidi na hauishi chaji.

Ukikuta matundu mawili, usiogope. Adapta ya pini pacha ipo, ni ndogo kama kifuniko cha kalamu. Bila hiyo, ukichomeka kwa tundu moja huenda ukasikia upande mmoja tu. Si kwamba hedifoni zako zimekufa. Na wakati wa maelezo ya usalama, vua. Filamu itakungoja.

Ukikwama, muulize mhudumu. Kwa Kiingereza cha kuokoteza, kwa Kiswahili, kwa ishara. Abiria wa miaka ya 1960 naye ilibidi aonyeshwe mrija unaingia wapi.

Kuna jambo la mwisho, na hili nalisema bila mzaha. Baadhi yenu mnaenda kufanya kazi ndani ya nyumba za watu. Tumesikia ya kutosha kutoka kwa waliorudi: wapo waliochukuliwa pasipoti siku ya kwanza, wapo waliochukuliwa simu. Mtu akishika simu yako ameshika sauti ya mama yako, ameshika namba ya kuomba msaada. Kwa hivyo kabla ya kuondoka, andika namba muhimu kwenye karatasi, na uzikariri mbili au tatu kichwani. Acha nakala ya pasipoti na ya mkataba wako nyumbani, kwa mtu unayemwamini. Huko uendako utakutana na matundu mengi ambayo hayakutengenezwa kwa kukuamini, na mengi hayatakuwa ya hedifoni.

Ila zile saa tano hivi za angani, kutoka Nairobi mpaka Doha, ni zako. Tundu liko hapo kwenye kiti. Chomeka zako, chagua wimbo mwenyewe.